CRP ndogo haimaanishi kidole tumbo kinasubiri, angalia na saa

Mkuu nimesoma swali lako mara mbili. Mdogo wako wa kike, miaka 22, tumbo limemuanza jana mchana, majibu ya jana usiku yanaonesha WBC (seli nyeupe za damu) 11.9 na CRP (kipimo cha damu kinachoonesha uvimbe mwilini) 9, daktari anataka aingie theatre, shangazi yenu anasema namba ziko karibu na kawaida so daktari anatafuta hela tu, na we unauliza kama damu inaweza kuonesha kidole tumbo kimeshakuwa kibaya au bado. Inaweza kusaidia, tena sana, ila sio kwa namba mbili zilizochukuliwa mara moja, masaa nane tisa baada ya tumbo kuanza. Naomba unisikilize maana mi nafanya kazi maabara hapa Dar, huu mwaka wa tisa, na hili jambo limenikuta nyumbani kwetu.

Mdogo wangu wa kiume alikuwa kwa mama Mbagala. Jumapili usiku tumbo likamshika pale kitovuni, mama akajua chakula, akampa chai ya tangawizi. Jumatatu asubuhi wakaenda zahanati ya mtaani, wakapima damu na mkojo, wakaambiwa taifodi na yutiai, mfuko wa vidonge huo wakarudi. Dogo akanipigia picha ile karatasi ya FBP (kipimo cha kuhesabu seli za damu) akanitumia WhatsApp. WBC 10.4, neutrofili (aina ya seli nyeupe zinazopigana na bakteria) asilimia 79. Mi niko kazini, nimesimama na glovu mkononi, nikaangalia nikaandika "sio mbaya, kunywa dawa, pumzika". Sikuuliza imeanza saa ngapi. Sikuuliza kama anakula. Sikuuliza panauma wapi saa hizi, na muda ule maumivu yalishahama kitovuni yameshuka chini kulia na alishatapika mara mbili. Hilo bado linaniuma mpaka leo.

Jumanne jioni nimefika nikamkuta kwenye mkeka kajikunja, goti la kulia kalivuta juu, hataki hata kuguswa. Tukapanda bajaji, na kila tuta aliposhtuka alikuwa ananishika shati kwa nguvu na kufumba macho. Baadae ndo nikaja kusoma kwamba Uingereza waliwahi kuuliza wagonjwa kuhusu matuta ya barabarani, utafiti wa 2012, na kati ya 34 waliothibitika kuwa na kidole tumbo 33 walisema tuta liliwazidishia maumivu. Na wasio na kidole tumbo wengi tu nao huumia kwenye tuta, kwahiyo ukiumia sio uthibitisho, ila asiyeumia kabisa hapo ndo kuna unafuu. Muulize dada yako alikujaje hospitali na njiani ilikuwaje.

Hospitali wakachukua chupa ya kifuniko cha zambarau na nyingine ya kemia. WBC 17.8, neutrofili 89, limfosaiti (aina nyingine ya seli nyeupe) 6, CRP 186, bilirubini (ile rangi ya njano inayotolewa na ini) 34, sodiamu (chumvi ya kwenye damu) 131. Daktari alipoona ile karatasi hata utrasaundi haijafanyika akaniambia kaka, hiki kimetoboka au kiko njiani. Wamefungua usiku ule ule, kimetoboka kweli, usaha umesambaa, wamesafisha wakaacha mpira wa kutolea uchafu, akalala wodini siku 8.

Sasa zile namba zilikuwa zinasema nini. WBC ndo ya kwanza kupanda, ndani ya masaa machache tu, ila inapanda kwa vitu vingi na wengine haipandi kabisa, mfano mtu mwenye virusi vya UKIMWI ambaye kinga imeshuka sana. Mjamzito ipo juu tu kawaida. CRP inatengenezwa na ini pale mwili ukipata taarifa kuna uvimbe mahali, na inachukua masaa, kama 6 mpaka 12 ndo inaanza kuonekana inapanda na kilele chake ni karibu siku ya pili. Kwahiyo CRP 9 ya dada yako, masaa nane tu baada ya tumbo kuanza, haisemi hana tatizo, na haisemi kidogo wala kikubwa, inasema mapema. CRP hiyo hiyo 9 ingekuwa ya siku ya pili na WBC nayo ya kawaida, hapo hata mimi ningemwambia daktari tuangalie kitu kingine kwanza kabla ya kisu.

Bilirubini watu wengi wanaisahau wakati ipo kwenye kipimo cha ini cha kawaida. Damu ya kutoka kwenye kidole tumbo inapita kwanza kwenye ini, so bakteria na sumu zao zikianza kuingia kule ini linashindwa kutoa nyongo vizuri na bilirubini inapanda, na ndio maana ikiwa juu watu wanaanza kuwaza kutoboka. Ila hapa kwetu uwe makini, mwenye selimundu bilirubini yake iko juu siku zote, malaria nayo inaipandisha, na selimundu ikimkamata mtu tumboni WBC nayo inakuwa juu, yaani karatasi inaweza ikafanana kabisa. Sodiamu chini ya 135 nayo imeonekana kuendana na kidole tumbo kilichoharibika. Halafu kuna hesabu rahisi unaweza kuifanya mwenyewe, gawanya neutrofili kwa limfosaiti. Uchambuzi mmoja wa 2020 uliokusanya tafiti nyingi uliweka mpaka wa 4.7 kwa kidole tumbo na 8.8 kwa kile kilichoharibika. Ya mdogo wangu 89 kwa 6 ni karibu 15. Ila hiyo nayo usiitumie peke yake, ni kiashiria tu.

Kitu kimoja cha kimaabara ambacho nagombana nacho kila wiki, damu isitolewe kwenye mkono wenye dripu. Ile dripu ya sukari inachanganyika na sampuli, sodiamu inasoma chini na seli zinasoma chache, halafu watu wanaamua mambo makubwa kwa namba ya uongo. Kama dada yako ana dripu mwambie nesi kwa heshima, dada naomba utumie mkono mwingine.

Kuhusu taifodi na yutiai, naliongea hili maana ndo lilitupoteza. Kidole tumbo kikivimba kinaweza kugusana na kibofu au mrija wa mkojo, ukapima mkojo ukaona seli nyeupe, mtu anaandika yutiai. Widal nayo, kile kipimo cha damu cha taifodi, mtu aliyewahi kuugua au kuchanjwa inaweza kusoma chanya bila taifodi yoyote ya sasa. Taifodi yenyewe mara nyingi WBC inakuwa kawaida au chini, so WBC ikipanda huku tumbo linauma kulia chini, neno taifodi lisikutulize.

Na sasa kuhusu huyo daktari wenu. Kuna alama za Alvarado ambazo madaktari wanatumia kukadiria kama ni kidole tumbo, zilitoka 1986, jumla ni 10. Kuhama kwa maumivu 1, kukosa hamu ya kula 1, kichefuchefu au kutapika 1, maumivu akibonyezwa kulia chini 2, maumivu akiachia mkono ghafla 1, joto 37.3 kwenda juu 1, WBC zaidi ya 10,000 alama 2, neutrofili kuwa nyingi kuliko kawaida alama 1. Yaani damu ina alama 3 tu, 7 zote zinatoka kwa mgonjwa mwenyewe na mkono wa daktari. Daktari kaligusa lile tumbo, shangazi kaona karatasi. Usimbishie daktari kwa karatasi. Muulize anampa alama ngapi, atakueleza.

Kwa mwanamke wa miaka 22 hakikisha kipimo cha mimba kimefanyika na utrasaundi pia, maana mimba iliyotunga nje na matatizo ya ovari yanauma hapo hapo na ni dharura nayo. Kama daktari mwenyewe ana mashaka basi akae wodini, damu irudiwe baada ya masaa 6 mpaka 12, na tumbo liguswe tena na mtu yule yule. WBC kutoka 11.9 kwenda 15, CRP kutoka 9 kwenda 80, hapo jibu unalo. Kurudi nyumbani kusubiri hapana, na msimpe dawa ya kumfanya aharishe wala enema.

Andika pembeni saa tumbo lilipoanza na saa kila damu ilipotolewa, kila daktari atakayekuja zamu mpe hiyo. Ukipata majibu ya pili yaweke hapa na saa zake nitayasoma hata usiku, ila theatre ikiwa tayari aingie, msinisubiri mimi.