Chokoleti yenye protini bila unga wa kopo

Dada, nimekuelewa: unafanya mazoezi, hamu ya chokoleti inakusumbua usiku, na unga wa protini wa kopo bei yake haishikiki. Achana nao. Chukua lita 1 ya mtindi usio na sukari (una protini gramu 30 na ushee), uchuje kwa kitambaa safi ndani ya friji usiku kucha. Asubuhi utaukuta mzito kama jibini laini. Maji yake usimwage, kandia chapati.

Kisha koroga vijiko 3 vya unga wa kakao kwa maji moto kidogo. Mimi mara ya kwanza niliruka hatua hii, nikala madonge machungu! Ikipoa, changanya na mtindi, vijiko 2 vya siagi ya karanga na tende 5 zilizolowekwa na kusagwa. Weka kwenye friji kwa muda wa saa mbili. Yatosha watu wanne.

Soma pakiti, maana kakao nyingi za kunywa zimejaa sukari. Karanga zenye ukungu tupa, zinaweza kuwa na sumukuvu. Na kama figo zina shida, muone daktari kabla hujaongeza protini.