Namba 2,147,483,647 inasomwaje, na ni witiri au tasa?

Swali: Shikamoo mwalimu. Najifunza programu za kompyuta na kila saa nakutana na namba 2,147,483,647. Kwa Kiswahili naisomaje? Mwenzangu anasema ni "mbili kwa kipeuo cha 31 toa moja" halafu eti ni witiri, siyo tasa.

Jibu: Marahaba. Isome hivi: bilioni mbili, milioni mia moja arobaini na saba, laki nne na themanini na tatu elfu, mia sita arobaini na saba. Ona elfu nimeiweka nyuma, maana ukisema "elfu themanini na tatu" anayeandika anaweza kuweka 83,000 au 80,003 na wote mko sahihi, hapo ndo balaa linapoanzia. "Elfu mia mbili" ndo mbaya zaidi, mmoja anasikia 200,000 mwingine 1,200, ila kwenye daftari la michango ya harusi ukitaja laki mbili hakuna anayekosea. Kuna watu wanaidharau laki wakidhani ni ya mtaani, mimi naitetea sana, imetufikia toka India na ni Kiswahili kabisa. Na kwa vile namba yako inaishia na saba haibadiliki, iwe watu au vitabu, ingeishia na mbili ungesema watu ... na wawili, vitabu ... na viwili.

Kipeuo hapana, ni kipeo. Kipeo unazidisha namba kwa yenyewe, yaani mbili zidisha mbili zidisha mbili mpaka mbili zifike 31, ukitoa moja unapata hiyo namba yako. Kipeuo ni kurudi nyuma, kipeuo cha pili cha 25 ni 5. Irabu moja tu na hesabu nzima imegeuka.

Sasa tasa. Ni neno lile lile la ng'ombe asiyezaa, na mi nalipenda hapa kwa sababu namba tasa haigawanyiki ikaisha ila kwa 1 na kwa yenyewe. Kujua kama hii ni tasa inabidi ujaribu namba tasa zote mpaka 46,340 hivi, maana kipeuo chake cha pili kinaishia hapo, na zamani hakukuwa na kikokotoo. Leonhard Euler, Mswisi aliyekuwa akiishi Urusi, alionyesha kwamba kigawo chochote tasa cha namba hii lazima ukikigawa kwa 62 kibaki 1, kwa hiyo akaruka namba nyingi mno, na mwaka 1772 ikajulikana kuwa ni tasa, wakati huo macho yake karibu yote yalishapotea!

Kwa hiyo mwenzako kwenye witiri yuko sawa, maana haigawanyiki kwa 2, ila kakosea kudhani witiri haiwezi kuwa tasa. Hii ni vyote viwili. 9 ni witiri lakini siyo tasa, na 2 ni tasa japo ni shufwa, yaani inagawanyika kwa 2, tena ndo shufwa pekee iliyo tasa.