Kuzunguka Arusha kwa baiskeli taratibu: anza na Duluti, Momella itakusubiri

Mkuu, karibu Arusha. Umeuliza mambo matatu. Umehamia hapa juzijuzi, una baiskeli ya gia ya mtumba, unataka kuzunguka misitu na maziwa ya karibu bila mashindano na mtu, uanzie wapi? Matairi yako membamba yatafaa? Na mwanao wa miaka 10 anaweza kwenda nawe? Mimi naendesha huku tangu 2013, Jumamosi nyingi sana, kwa hiyo nakujibu kwa njia nilizopita mwenyewe.

Anza na Ziwa Duluti. Wachangiaji waliotangulia wamekuambia uende maziwa ya Momella, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha, moja kwa moja kwa sababu kule kuna twiga na flamingo. Momella nitaifikia. Lakini mtu mgeni wa baiskeli akifika Momella anakuwa hoi, macho yote yako kwenye gurudumu la mbele, anapita katikati ya msitu mzuri kuliko yote mkoani na hauoni. Duluti iko mashariki, jirani na Tengeru, kama kilomita 15 kutoka katikati ya jiji. Ukitoka saa 12 na nusu asubuhi, hata ukisimama kila kona, saa 3 umefika na siku bado mbichi.

Kuna jambo moja ulijue kabla hujatia mguu kwenye pedali: mji uko juu. Arusha iko kama mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, na ukielekea mashariki unashuka muda wote, Tengeru iko chini ya mji, Usa River chini zaidi. Asubuhi unateremka, miguu mepesi, upepo wa Mlima Meru mgongoni, unajiona unaweza kufika Moshi. Kisha saa 8 mchana unageuza, jua la utosini, na kila ulichoteremka unakidaiwa. Niliwahi kumpeleka rafiki yangu mpaka Usa River kwa furaha hiyo, kurudi akaishiwa nguvu kabisa, tukakaa chini ya mti saa nzima. Siku hizi sioni haya kulipa kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, kinirudishe na baiskeli yangu nyuma. Tengeru vipo vingi, patana bei kabla baiskeli haijapakiwa.

Njia sasa. Barabara kuu ya Moshi ni njia nne mpaka Tengeru, lami nzuri, inavutia. Iache. Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa naifuata hiyo hiyo, mpaka siku basi moja liliponipita karibu sana pale mteremko unapoanza. Halikunigusa, ila upepo wake ulinisukuma nje ya lami, nikaangukia kwenye kokoto na kuchubuka kiganja chote. Mzee mmoja aliyekuwa anasukuma baiskeli yenye mzigo wa majani ya ng'ombe akasimama.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Umeumia?"

Nikamwambia kidogo tu. Akauliza naenda wapi, nikamwambia Duluti. Akatikisa kichwa: "Huku ni kwa wenye injini. Sisi tunapita mashambani. Twende."

Nikamfuata. Sijawahi kuirudia ile barabara kwa raha tangu siku hiyo. Ukiiacha lami upande wa kusini unaingia kwenye njia za vumbi zinazopita kati ya migomba na kahawa, nyumba kwa nyumba, na Wameru wameitengeneza nchi yao kwa mifereji. Kila baada ya muda unasikia maji kabla hujayaona, kisha unakuta mfereji wa upana wa hatua moja, ubao umelazwa juu yake. Shuka, sukuma baiskeli, endelea. Kuna sehemu mringaringa mkubwa umemwaga maua yake meupe njia nzima, na ukipita taratibu unasikia nyuki juu yako. Ukipita kwa kasi husikii. Njia zenyewe sitakuchorea, maana zinagawanyika kila mita 200. Uliza. Salimia kwanza, kisha uliza, na hutapotea.

Duluti yenyewe ni kreta ya volkano iliyojaa maji, na kuta zake zimebeba msitu wa hifadhi ulio chini ya TFS, wakala wa serikali wa misitu. Unalipa kiingilio langoni. Baiskeli iache hapo hapo, ifunge, uombe mlinzi aiangalie, kwa sababu kijia cha kuzunguka ziwa ni chembamba, mizizi imekikata kila mahali, na si haki kuwaburuzia matairi watembea kwa miguu. Hii ndiyo sehemu ya safari ninayoipenda kuliko zote. Umetoka kwenye vumbi na jua, ghafla hewa inakuwa baridi na nzito, kima wanatikisa matawi juu, na ziwa linaonekana vipande vipande kupitia majani.

Kaa mahali matete yanapoachana, ukae kimya dakika 20. Mdiria mweusi kwa mweupe atakuja. Atasimama hewani juu ya maji, mabawa yanapiga haraka mpaka huyaoni vizuri, kichwa kimetulia kabisa kama kimefungwa na uzi, kisha anajiachia kama jiwe. Mara nyingi anatoka bure. Anaporudi na samaki anambamiza kwenye tawi mara kadhaa kabla ya kummeza. Kenge nao wapo, wakubwa, wanaota jua kwenye magogo, ukisogea wanateleza majini bila kelele. Furukombe utamsikia kabla ya kumwona.

Utaambiwa pia kuwa ziwa hili lina kina cha mamia ya mita au halina mwisho. Nimeisikia kwa watu wengi. Watafiti waliolipima walipata mita 9 hivi. Mimi sioni kama linapungukiwa kitu kwa hilo.

Ukiwa huko usiache kufika kwenye makaburi ya Wapoland, yako jirani tu, ndani ya eneo la chuo cha mifugo Tengeru. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, kuanzia 1942, wakimbizi wapatao 5,000 kutoka Poland waliwekwa hapa, wengi wao wanawake na watoto. Walikuwa wamepelekwa Siberia na Wasovieti, wakatoka huko kupitia Uajemi, wakaishia chini ya Mlima Meru. Walikaa mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1950. Waliofia hapa wamelala pale, makaburi yametunzwa vizuri, maua yapo. Nenda kwa heshima, omba ruhusa langoni.

Kama ni Jumatano au Jumamosi, soko la Tengeru limefurika. Kula hapo. Ndizi za mchare zilizopikwa na nyama, au loshoro kama tumbo lako linapatana na maziwa ya mgando. Usipite na baiskeli katikati ya soko, zunguka.

Zunguka hii ya Duluti mara tatu, nne, miguu ikizoea ndipo ufikirie Momella. Unaanzia njia panda iliyo mbele ya Usa River, ukikunja kushoto kuelekea mlimani, na kuanzia hapo unapanda mpaka lango la Ngurdoto. Ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha hauingii tu na baiskeli kama unaingia sokoni: unahitaji kibali cha TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, na askari wa hifadhi mwenye silaha, panga nao mapema. Sababu ni nyati. Ukishapita lango kuna uwanda wa nyasi wanaouita Serengeti Ndogo, na mara yangu ya kwanza nyati kama 30 walikuwa wamelala pale, askari akatusimamisha na tukasubiri mpaka waondoke wenyewe. Tulisubiri karibu dakika 40. Twiga watatu walipita nyuma yetu wakati tunawatazama nyati.

Baada ya hapo ni msitu, mbega wenye mikia mirefu meupe, kisha nchi inafunguka na kuwa vilima vidogo vidogo visivyo na mpangilio. Hivyo vilima ni mlima wenyewe. Meru, wenye mita 4,566 leo, ulibomoka ubavu wa mashariki maelfu ya miaka iliyopita, kifusi kikamwagika mpaka huku, na maji yakakusanyika kwenye mabonde ya kifusi hicho. Ndiyo maziwa ya Momella. Maji yake ni ya magadi, kila ziwa lina rangi yake, na flamingo huja na kuondoka kadiri chakula chao kinavyopatikana. Kwa miguu ya mwendesha baiskeli maana yake ni panda shuka isiyoisha. Weka gia ndogo, usishindane nayo.

Maji ya kunywa beba kutoka nyumbani, ya kutosha. Mito ya upande huu ina madini ya floraidi kwa wingi, meno ya kahawia utakayoyaona kwa watu wengi wa huku yametokana na hayo. Mto Maji ya Chai ni mmojawapo, usijaze chupa yako humo.

Matairi membamba: badilisha. Kwenye lami yangekufaa, ila vumbi la volkano kiangazi ni kama unga, tairi jembamba linazama na kukuangusha. Tafuta yenye upana wa inchi 2, na usiyajaze upepo mpaka yawe jiwe. Masika, Machi mpaka Mei, vumbi hilo hilo linageuka utelezi na kukwama kwenye breki. Mimi hupumzika au nabaki Themi Living Garden, kando ya mto hapa hapa mjini. Beba pampu, tyubu ya akiba, viraka na solusheni. Adui yako ni mbigili. Ukiona imechoma na tairi bado lina upepo, usiing'oe hapo hapo. Mwiba ndio umeziba tundu. Endesha mpaka kwenye kivuli, toa vifaa vyote, ndipo uing'oe.

Mwanao mpeleke, ila Duluti tu. Pakieni baiskeli mbili kwenye kirikuu mpaka Tengeru, mshushwe pale, muendeshe kile kipande cha kilomita 2 hivi kwenda ziwani. Acha yeye atangulie, wewe ukae nyuma yake ili mwendo upangwe na miguu yake. Kofia ngumu avae hata kama ni njia ya shambani. Wa kwangu alianza akiwa na miaka 9, na alichokumbuka wiki nzima ni kenge. Binocular kama unayo, mbebee.