Sayari ndogo, "chini" iko upande gani?

SWALI: Shikamoo kaka. Niko Majengo, Moshi, mwaka wa pili chuoni, nasomea kompyuta. Natengeneza gemu ya kurukaruka kwa Unity, ile programu ya kutengenezea gemu. Mhusika anahama kutoka sayari ndogo moja kwenda nyingine. Akifika upande wa chini wa sayari, kushoto kunageuka kulia, na wadogo zangu niliowapa wajaribu wanaacha baada ya dakika chache. Wenzangu wananiambia niiangalie Super Mario Galaxy. Ile wameifanyaje, na ina udhaifu gani ili nisije nikaurudia?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Wenzako wamekushauri vizuri. Super Mario Galaxy ilitolewa na Nintendo Novemba 2007 kwa ajili ya Wii, mashine yao ya gemu ya wakati ule, na mpaka leo sijaona gemu ya kurukaruka iliyolishughulikia jambo la "chini" kwa uzuri kama ile. Ila tatizo linalokusumbua nalo limo humohumo. Uzuri wake mkubwa na udhaifu wake mkubwa ni watoto wa mama mmoja.

Kwanza, usiogope kuiacha fizikia ya kweli. Sayari ya mwamba yenye nusu kipenyo cha mita 10, hata ukiipa uzito wa wastani wa miamba na chuma cha Dunia yetu, uvutano wake hautafika hata sehemu mbili kwa milioni za uvutano tunaousikia sisi hapa. Mtu akijisukuma juu kwa mwendo wa sentimita 2 tu kwa sekunde, ameondoka na harudi tena. Kwa hiyo kila sayari anayotembea Mario, mhusika mkuu wa gemu ile, ina uvutano wa kutungwa, na walioutunga walijua wanataka nini: uruke juu sana, uende mbali, halafu urudi ardhini salama. Mchezaji akikosea hatua, mara nyingi sayari inamrudisha yenyewe. Kwenye gemu nyingine za aina hii, ukiteleza ukingoni umekufa. Hapa sayari ya duara haina ukingo, na unaweza kukimbia bila kukutana na ukuta. Sehemu zenye shimo jeusi chini yake zipo na zinaua, lakini zinatisha kweli kwa sababu umeshazoea kurudishwa.

Sasa njoo kwenye programu yako. Nina hakika umeanza kwa kuvuta kila kitu kuelekea katikati ya sayari. Kwa mpira hiyo inatosha. Lakini chukua parachichi lenye shingo ndefu, umweke sisimizi kwenye ile shingo. Ukimvuta kuelekea katikati ya tumbo la parachichi, hatasimama wima juu ya ganda. Atainama kama mtu anayepanda mlima, na atakuwa anateleza kuelekea tumboni. Kwenye Galaxy utakuta sayari za duara, za mchemraba, za silinda na za bapa, na kila umbo limepewa uvutano unaolifaa. Wewe tupa mstari kutoka miguuni mwa mhusika hadi ardhini, usome uso wa ardhi hapo umeelekea wapi, huo ndio uwe "juu" yake. Usimgeuze kwa mkupuo. Mgeuze kidogo kidogo katika fremu (picha za skrini) kadhaa, la sivyo kila akivuka ukingo wa moja ya pembetatu ndogo zinazounda umbo lako atatikisika. Na uzime uvutano wa Unity kwenye mwili wake, maana ule unavuta upande mmoja tu siku zote.

Hili la kushoto kugeuka kulia nataka tulikalie zaidi. Jumamosi moja nilikuwa kwenye banda la gemu hapa Ngarenaro, Arusha, namwangalia mtoto wa kama miaka tisa akiicheza Galaxy kwa mara ya kwanza. Juu ya sayari alikuwa anatamba. Mario alipozunguka hadi upande wa chini, kichwa chini miguu juu, yule mtoto akapinda shingo mpaka sikio likakaribia bega, na pedi ikapinda pamoja naye. Alisukuma kijiti cha pedi, Mario akaenda asikotaka, akasimama. Hakukasirika. Alikodoa macho tu, kama mtu aliyeamka kwenye chumba asichokijua. Hata mabingwa wa Nintendo hawakulimaliza tatizo hili, kwa hiyo usijione hufai.

Kwako wewe nadhani chanzo ni hiki: unautafuta mwelekeo wa "kulia" kwa kuzidisha vekta (mshale wa mwelekeo) ya "juu" ya mhusika na ile ya mbele ya kamera. Mhusika akiwa kichwa chini, "juu" yake imegeuka, basi na "kulia" inageuka nayo. Chukua "kulia" ya kamera yenyewe, uilaze juu ya uso wa ardhi aliposimama mhusika, kisha "mbele" uipate kutokana na hiyo "kulia" pamoja na "juu" yake. Ukifanya hivyo, mtoto akisukuma kijiti mbele bila kuachia, mhusika ataizunguka sayari nzima na kurudi alipoanzia.

Bado kuna mtego. Mhusika akipita ubavuni mwa sayari, "kulia" ya kamera na "juu" yake zinalala kwenye mstari mmoja, na hesabu inakosa jibu. Hapo shikilia jibu la mwisho. Vilevile, maadamu kijiti hakijaachiwa, usihesabu mwelekeo upya kutoka kwenye kamera. Ule wa mwanzo uubebe pamoja na mhusika anavyozunguka. Hesabu upya kijiti kikirudi katikati. Kidole cha mchezaji kimeahidiwa mwelekeo, na ahadi hiyo isivunjwe akiwa katikati ya mbio.

Udhaifu mwingine wa Galaxy ni kamera. Sehemu nyingi inajiongoza yenyewe, na ukitaka kuigeuza inakataa. Naelewa sababu: sayari ndogo inakuruhusu kuona ulipo bila kuhangaika na kamera, nao walitaka mikono ya mchezaji ishughulike na kuruka. Lakini inapochagua pembe mbaya, huna pa kushtakia. Wewe mwachie mchezaji angalau kitufe cha kuirudisha mgongoni.

Kitu cha kuiga bila kusita ni kivuli. Tazama kivuli cha Mario akiwa hewani: kinaanguka kufuata uvutano wa pale alipo. Ukipotea usijue chini ni wapi, kivuli kinakwambia. Ni kazi ndogo sana kuweka, na itawasaidia wadogo zako kuliko maelezo yoyote utakayoandika kwenye skrini.

Mengine nitayataja kwa haraka. Kutikisa rimoti ya Wii ili Mario ajizungushe kulichosha mikono. Matoleo ya Switch, mashine ya Nintendo ya baadaye, yanakuruhusu kubonyeza kitufe, na ni afadhali. Hatua za kumwendesha samaki bapa aitwaye taa na kubingirisha mpira kwa kuinamisha rimoti mimi sizipendi, ingawa muziki wa ule mpira unaoongezeka kasi kadiri unavyobingirika umenifundisha mengi. Na ukishakusanya nyota 120, gemu inakutaka urudie safari ileile na Luigi, ndugu yake Mario. Hapo ningetamani wangetengeneza sayari mpya hata tano tu.

Usikate tamaa kwa sababu ya muda. Mwongozaji wake, Yoshiaki Koizumi, ndiye aliyeongoza pia onyesho la Super Mario 128 mwaka 2000, ambalo Mario wengi walikimbia juu ya sahani iliyojikunja. Kutoka pale hadi Galaxy ni miaka 7.

Kwa hiyo weka kando hizo sayari nyingine zote. Tengeneza moja ya duara na moja ya umbo la parachichi, zisiwe na adui wala sarafu, kivuli tu na kijiti kinachotii. Kisha wape tena wadogo zako, usiwaelekeze kitu. Kaa pembeni uangalie shingo zao. Zikibaki wima wanapopita upande wa chini, endelea na sayari ya tatu.