Usifungue hiyo ndoo ya klorini kabla hujasoma asilimia yake

Simamisha kwanza hiyo kampeni yenu ya Jumamosi, mkuu. Umeandika kwamba kata yenu imepata wagonjwa wa kipindupindu, vijana mmechanga, mmenunua ndoo ya kilo 45 ya klorini ya unga, na muuzaji amewaambia "kijiko kimoja cha chakula kwa ndoo ya lita 20, inatosha kunawia, kumwagia vyooni, kupulizia vizimba vya sokoni na kutibu maji ya kunywa." Halafu ukauliza habari za kibali, posho za wanaojitolea na kibanda cha ORS, yale maji ya chumvi na sukari ya anayeharisha. Hayo yatasubiri. Hicho kijiko ndicho kitakachowaumiza, na naandika kwa uchungu kwa sababu karatasi yenye maneno hayo hayo nimewahi kuishika mkononi nikaiamini.

Piga hesabu. Kijiko cha chakula kilichosawazishwa kwa kisu hubeba karibu gramu 15 za HTH, yaani hiyo klorini ya unga yenye nguvu. Kama unga wenu ni wa asilimia 70, hizo gramu 15 zina gramu 10.5 za klorini inayofanya kazi. Ukiitia kwenye lita 20 unapata miligramu 525 kwa lita, yaani karibu asilimia 0.05. Kwa kunawa mikono, hapo kabahatisha. Sasa ichukue ndoo hiyo hiyo ukamwagie matapishi ya mgonjwa. Matapishi na kinyesi cha kipindupindu kwa miaka mingi vimetibiwa kwa asilimia 2, kwa hiyo dawa yenu ni dhaifu mara 40. Mtamwaga, mtasikia harufu, mtaamini mmeua vimelea, na mwenye zamu ataingiza mikono pale. Sakafu na vitanda vinahitaji asilimia 0.2, kwa hiyo hapo mna robo ya kinachotakiwa. Nenda upande wa pili: maji ya kunywa hutiwa kwa kawaida miligramu chache tu kwa lita, na baada ya nusu saa inatakiwa ibaki karibu 0.5. Ninyi mtakuwa mmewapa watu 525. Mtoto akigugumia kikombe kimoja atatapika, na mama yake hatagusa tena maji yenye dawa, atarudi kisimani. Mmempoteza mtu ambaye kampeni nzima ilikuwa kwa ajili yake.

Kijiko kimoja, makosa matatu ya aina tatu. Na hapo nimekubali kwamba unga ni wa asilimia 70. Kuna unga mwingine unauzwa, ile klorini ya chokaa, ambao ni 30 hadi 35 tu. Ukipimwa kwa kijiko kile kile, kila kitu kinashuka nusu na hata ya mikono haifiki. Sura zinafanana, zote nyeupe, zote zinawasha pua. Duka likishahamisha unga kutoka kwenye ndoo ya kiwandani kwenda kwenye mfuko mdogo, ile namba inabaki kwenye ndoo na ninyi mnaondoka na poda isiyo na jina. Muuzaji wa namna hiyo simlaumu kwa kutojua kemia. Namlaumu kwa kumpa mtu kipimo kwa sauti ya uhakika wakati hajasoma hata lebo ya bidhaa yake. Na wawezeshaji wa semina wanaogawa karatasi ya "kijiko kimoja" bila kuandika kijiko cha unga gani, hao wana kosa kubwa zaidi, kwa sababu karatasi ikishabandikwa ukutani hudumu miaka. Zipo za mlipuko wa 2015, zipo za korona ya 2020 ambazo zilitaka asilimia 0.1 kwa vitasa na meza, zote zimekaa ukuta mmoja na kila kijana anachagua anayoiona kwanza.

Kanuni ni moja tu, ikariri: asilimia unayotaka, gawanya kwa asilimia iliyoandikwa kwenye ndoo, zidisha kwa 1000. Unapata gramu kwa kila lita. Hakuna lebo, hakuna kuchanganya.

Kwa unga wa 70:
Mikono, 0.05: gramu 0.7 kwa lita, gramu 14 kwa ndoo ya lita 20.
Sakafu, vitanda, vyoo, 0.2: gramu 2.9 kwa lita, gramu 57 kwa ndoo.
Matapishi, kinyesi na ndoo za wagonjwa, 2: gramu 28.6 kwa lita, gramu 571 kwa ndoo.

Unga wa 30? Ile ya sakafu inakuwa gramu 133 kwa ndoo. Ona tofauti. Bwana afya wa kata akiwapa kiwango kingine kwa kazi fulani, fuateni chake, lakini gramu zitoke kwenye kanuni hiyo hiyo. Nunueni mizani ndogo ya jikoni ya betri. Pimeni mara moja, kisha mwaga unga uliopimwa kwenye kikombe cha plastiki na uchore mstari kwa kalamu ya wino usiofutika. Kuanzia hapo kikombe ndicho kipimo, kimoja kwa kila kazi, kimefungwa kwa kamba kwenye dumu lake. Ndoo mpya ya unga ikifika, hata kama ni duka lile lile, soma lebo na uchore upya.

Mkitumia JIK ya maji, hesabu inageuka kidogo: asilimia ya chupa gawanya kwa asilimia unayotaka, toa 1, hiyo ndiyo idadi ya sehemu za maji kwa sehemu moja ya dawa. Chupa ya 3.5 kwenda 0.05 ni maji sehemu 69. Kwa ndoo ya lita 20 ni mililita 286 za dawa. Chupa iliyokaa juani mbele ya duka miezi haina tena ile 3.5, hivyo chukua ya ndani, yenye tarehe ya karibuni.

Namna ya kuchanganya nayo ina miiko yake. Tia maji kwanza, unga baadaye, hadharani penye upepo, wewe ukiwa upande upepo unakotoka. Glovu ndefu, miwani, mabuti, barakoa. Koroga kwa mti au plastiki, chombo kiwe plastiki, kwa sababu chuma kinaliwa na kinakula nguvu ya dawa. Acha itulie mpaka chokaa ishuke chini, chukua ya juu iliyo safi. Ukimimina na tope lake, koki za ndoo zitaziba siku ya pili na bomba la kupulizia la mgongoni litaziba siku hiyo hiyo. Dawa ya mikono na ya sakafu tengeneza kila asubuhi, iliyobaki jioni iende chooni.

Usichanganye na dawa ya choo yenye tindikali. Vyoo vya soko husafishwa kwa tindikali karibu kila siku, na ikikutana na klorini hutoa hewa ya sumu papo hapo, ndani ya kibanda chenye mlango mmoja. Suuza kwa maji mengi kwanza. Choo kilichojaa mkojo nacho hutoa hewa inayochoma macho na kifua, kwa hiyo maji kwanza, mlango wazi, klorini baadaye. Ndoo ya kilo 45 isikae stoo moja na petroli ya pikipiki, mafuta, rangi wala maranda ya mbao. HTH ikikutana na mafuta inaweza kuwaka bila kiberiti.

Turudi kwenye maji ya kunywa, maana hapa ndipo unga haupaswi kugusa ndoo ya mtu kabisa. Tengeneza maji mama, yaani dawa kali ya kupunguzia, ya asilimia 1: gramu 15 za unga wa 65 hadi 70 kwenye lita moja ya maji safi, tikisa, acha itulie, chuja ile safi ya juu uweke kwenye chupa isiyopitisha mwanga. Fanya mpya kila wiki. Chukua ndoo nne za lita 20 za maji ya kisima hicho hicho. Kwa bomba la sindano lisilo na sindano, tia mililita 2 ndoo ya kwanza, 4 ya pili, 6 ya tatu, 8 ya nne. Hiyo ni miligramu 1, 2, 3 na 4 kwa lita. Koroga, funika, subiri dakika 30, kisha pima klorini iliyobaki kwa kile kipimo cha mabwawa ya kuogelea na vidonge vya DPD 1. Ndoo iliyo karibu na 0.5 ndiyo dozi ya kisima hicho. Kisima cha jirani kina dozi yake. Mvua ikinyesha, rudia.

Hapa kuna mtego ambao muuzaji wenu hajawahi hata kuusikia. Kipimo cha DPD hubadilika rangi ya waridi klorini ikiwepo. Lakini ikizidi sana, dawa yenyewe huichubua ile rangi: maji yanawaka waridi kidogo tu kisha yanabaki bila rangi, na msomaji anaandika "sifuri". Anaongeza kijiko kingine. Ukipata sifuri kwenye maji yanayonuka klorini waziwazi, chukua sehemu moja ya maji hayo, tia sehemu 9 za maji safi yasiyo na klorini, pima tena. Rangi ikitokea, mmezidisha. Isipotokea na harufu bado ipo, punguza tena ndipo upime.

Na kama huoni chini ya ndoo kwa tope, usianze na klorini. Klorini hula uchafu wowote inaokutana nao kabla ya kufika kwa kimelea, inaishia kwenye matope. Acha maji yatulie, mimina ya juu, chuja kwa kitambaa kilichokunjwa mara kadhaa, ndipo utie dawa. Njia rahisi kwa nyumba moja moja ni vidonge vya klorini: kile cha miligramu 67 ni kwa lita 20 za maji safi, nusu saa kisha kunywa. Kama bajeti inaruhusu, gawa vidonge na unga wote ubaki wa usafi tu.

Dumu la kunywa na dumu la dawa yasifanane hata kwa mbali. Rangi tofauti, maandishi makubwa, la dawa liwekwe mbali na mikono ya watoto. Watu wetu wanamwaga chochote kilicho kwenye dumu la njano kwa sababu dumu la njano maana yake ni maji.

Kupulizia vizimba na watu wanaoingia sokoni: acha. Mwezi Mei 2020 Shirika la Afya Duniani lilisema waziwazi kwamba kupulizia watu dawa hakupendekezwi kwa hali yoyote, na kupulizia barabara na masoko hakusaidii, kwa kuwa vumbi na uchafu huiua dawa kabla haijafanya kazi. Hiyo ilikuwa korona, ambayo ni ya hewani. Kipindupindu kinapita kwenye kinyesi, maji, chakula na mikono, kwa hiyo kupulizia mbao za kizimba kunakula unga mliouchangia kwa jasho. Gonjwa hili wimbi lake la saba limezunguka dunia tangu 1961 na bado linapita njia ile ile, mdomoni.

Tena kwa mikono sokoni hamhitaji klorini hata kidogo kama sabuni ipo. Gramu 30 za sabuni ya unga kwenye chupa ya lita 1.5, toboa kifuniko kwa msumari, ning'iniza kwa kamba. Ndoo ya koki au kibuyu chirizi pembeni, beseni la kupokea maji chini, na mtu mmoja wa kujaza. Ukikadiria nusu lita kwa kila mnawaji, ndoo ya lita 20 ni watu 40, kwa hiyo mlango wa soko wenye watu 400 asubuhi unahitaji ndoo kumi na mtu mwenye mkokoteni. Vituo vingi hukaukia hapo, saa tatu asubuhi, ndoo ipo, bango lipo, maji hakuna.

Kibali: mtendaji wa kata na bwana afya, nendeni na orodha ya dawa na asilimia zake. ORS: paketi moja kwa lita moja ya maji yaliyotibiwa, imwagwe baada ya saa 24, na paketi zikiisha vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vilivyosawazishwa, kwa lita. Anayeharisha maji meupe kama ya kuoshea mchele na macho yameingia ndani asikae kibandani kwenu, apelekwe kituo huku akinywa njiani.

Nenda sasa hivi ukaangalie ndoo yenu. Tafuta maneno yanayotaja klorini inayofanya kazi, namba na alama ya asilimia, tarehe ya kutengenezwa. Piga picha uweke hapa, andika na ukubwa wa ndoo mnazotumia, nitakupigia gramu za kila kazi leo leo. Kama lebo haipo au imefutika, rudisha dukani mchukue iliyofungwa na kiwanda.