Dawa ya nywele ikimezwa: usimtapishe

Dada uliyeuliza kama umtapishe mtoto aliyemeza dawa ya nywele: hapana, usimtapishe, na hayo maziwa nusu lita wanayokushauri wengine usimpe. Dawa nyingi za kulainisha nywele zina kostiki, ileile ya kutengenezea sabuni za miche. Inaunguza koo ikishuka, na ukimtapisha inaunguza tena ikipanda. Maziwa mengi hayaondoi sumu, yatamjaza tumbo tu hadi atapike.

Mfute mdomo kwa kitambaa chenye maji, mvue nguo iliyomwagikiwa, akiweza asukutue ateme. Kisha hospitali sasa hivi, na kopo la dawa ulibebe. Ukiwa Dodoma mjini nenda moja kwa moja General, yaani hospitali ya rufaa ya mkoa, usianzie duka la dawa. Nimekuwa muuguzi wa watoto hapa miaka kadhaa: mdomo unaweza kuonekana mzima kabisa huku koromeo limeungua. Akidondosha mate, akikataa kumeza au sauti ikikwaruza, hali ni mbaya.

Vipodozi vingine navyo: mafuta ya maji ya watoto yana hatari tofauti, yakimezwa yanateleza kuingia kwenye mapafu. Huko nako kutapisha ni kosa. Manukato yana spiriti, na kwa mtoto mdogo sukari ya mwili inaweza kushuka hata saa kadhaa baadaye, kwa hiyo asiachwe alale tu nyumbani.

Na jamani, dawa ya kupimiwa saluni msiiweke kwenye kopo la mtindi. Mtoto anajua kopo hilo ni la chakula.