Paka uliyemuokota anakojoa kila kona? Soma hii kabla hujamrudisha Mwaloni

Ukisema mtaani kwamba unafuga paka uliyemtoa Mwaloni, lile soko la samaki la hapa Mwanza, pale Kirumba kwenye dagaa, swali la kwanza ni hilo hilo: "Na huyo hakojoi ndani?" Anakojoa ndani ndiyo, ila siku hizi ni kwenye beseni lake, sio kwenye kochi. Kufika hapo kulikuwa na kazi, na kwa kuwa watu wananitafuta sana WhatsApp wananiambia wamechoka, wanataka kumtia paka kwenye kiroba wamrudishe sokoni usiku, nimeona bora niandike yote sehemu moja mtu asome apime mwenyewe.

Msimamo wangu naomba niuseme mapema: paka hakukomoi. Watu wanapenda sana kusema "ananikomoa huyu, nimemfokea jana leo kakojolea shuka", hapana bwana, paka kwa asili yake anataka kufukia uchafu wake, akiacha kufanya hivyo ujue kuna kitu kinamzuia, ama mwilini, ama kwenye beseni, ama hapo nyumbani kwako. Kazi yako ni kukitafuta. Fimbo na ule mtindo wa kumsugua pua kwenye mkojo havimfundishi chochote zaidi ya kukuogopa, na paka mwenye hofu ndio anaharibu zaidi, tena anahamia uvunguni ambako hata hutajua mpaka harufu ikutafute.

Anza na mwili. Najua kila mtu anataka kuanza na kubadilisha mchanga kwa sababu ni rahisi, lakini mwangalie kwanza anavyokojoa. Huyu wangu anaitwa Furu, dume, na kuna asubuhi nilimkuta anachuchumaa kwenye beseni, anatoka, anachuchumaa tena kwenye sakafu ya bafuni, anajikamua wee, kinachotoka ni kitone kimoja chenye rangi kama ya juisi ya rosela. Halafu akakaa anajilamba kule nyuma bila kuacha. Sikusubiri jioni. Daktari wa mifugo alimpapasa tumbo akasema bahati yake kibofu hakijajaa, njia haijaziba, ni uvimbe wa kibofu, akampa dawa na kuniambia nimnyweshe maji kwa kila namna.

Hilo la njia kuziba nalirudia kwa wenye madume: mrija wa mkojo wa paka dume ni mwembamba sana, ukizibwa na vijiwe au ute mkojo unarudi juu, figo zinashindwa, na ndani ya siku moja mbili anaweza kufa. Kwa hiyo ukiona anajikamua na hakuna kinachotoka, analia, anatapika, hagusi chakula, hiyo sio ishu ya "tuone mpaka Jumatatu", beba paka nenda, hata kama ni usiku piga simu mgongee mtu. Na tafadhali usimpe Panadol. Kidonge kimoja tu cha mtu mzima kinatosha kumuua paka, ini lake haliwezi kuichakata ile dawa.

Sasa hapa Mwanza kuna kitu nakiona kinachangia, chakula. Paka wa hapa anakula dagaa wakavu asubuhi, dagaa wakavu jioni, wale walioanikwa mchangani ukiwatafuna wewe mwenyewe unasikia kokoto, na maji hanywi. Paka kiasili sio mnywaji, ukoo wake ni wa paka pori wa maeneo makavu, wamezoea kupata maji kwenye nyama ya walichowinda, kwa hiyo ukimlisha kitu kikavu tupu mkojo unakuwa mzito na kibofu kinapata shida. Mi dagaa nawaosha, nawachemsha kwenye maji mengi bila chumvi na bila kitunguu (kitunguu ni sumu kwao, kibichi hata cha kupikwa), namwagia na ule mchuzi wote. Siku nikipata mapanki ya sangara (yale mabaki baada ya kutolewa minofu) nachemsha vilevile natoa miiba. Samaki mbichi kila siku hapana, wengi wana kitu kinachoua vitamini B1 ya paka, moto ndio unakimaliza. Na samaki peke yake pia hatoshi, changanya na nyama, maini kidogo.

Daktari akishasema mwili uko sawa ndio uje kwenye beseni.

Paka wa kuokota hajui beseni, anajua lundo la mchanga. Kila mtu aliyewahi kujenga anajua: ukimwaga tripu ya mchanga leo, kesho asubuhi paka wote wa mtaa wameshapita. Sasa tumia hilo hilo. Usihangaike na ule mchanga wa paka wa supamaketi wenye manukato, kwanza bei yake inauma, pili manukato yale yanatufurahisha sisi, paka wengi wanayakimbia. Nenda kwa mafundi, omba ndoo ya mchanga laini wa plasta, chekecha utoe kokoto, anika juani ukauke kabisa. Sisi tunaokaa huku kwenye miamba hata shida ya ziada tunayo, maana nje paka hana pa kuchimba, ni jiwe tupu kuanzia mlangoni mpaka barabarani, kwa hiyo bila mchanga wa kuletwa kitu laini anachokiona ni zulia lako na kapu la nguo. Na kama utachukua mchanga ufukweni chukua ule mkavu wa juu, usiingie majini kwa ajili ya choo cha paka, kichocho cha ziwa hili tunakijua.

Watu wananiuliza kuhusu maranda ya mafundi seremala. Yanafaa, mepesi, yanakata harufu kidogo, ila yatakuwa nyumba nzima kwa sababu yananata miguuni, na paka mwingine anayakataa kabisa. Pumba za mpunga hivyo hivyo. Majivu sikushauri, yakilowa yanachoma nyayo na paka akijilamba yanaishia mdomoni. Kama unataka kumhamisha kutoka mchanga kwenda maranda, changanya kidogo kidogo, ongeza kila siku chache, ukimbadilishia ghafla ataenda kwenye zulia na hapo utasema amerudia tabia.

Beseni lenyewe liwe kubwa. Kipimo ni mara moja na nusu ya urefu wa paka kutoka puani mpaka mwanzo wa mkia, lile la kuogeshea mtoto linafaa sana, upande mmoja ukate uwe chini kama ni paka mdogo au mzee. Mchanga inchi 2 hivi. Ukiwa na paka mmoja weka mabeseni mawili, wawili matatu, najua chumba na sebule haina nafasi lakini jaribu, kuna paka hataki kabisa kunya alipokojoa. Na utoe uchafu kila siku, mi natumia kijiko cha matundu kile cha kuopolea maandazi (nimekitenga, msinitukane), na mchanga wote unabadilishwa na beseni kuoshwa kwa sabuni ya kawaida kila wiki. Usioshee zile dawa zinazogeuka nyeupe ukizitia kwenye maji, nyingi zina kemikali ambazo paka hawezi kuzihimili hata kidogo.

Mahali pa kuweka ndipo watu wengi wanapokwama bila kujua. Paka hapendi kujisaidia karibu na sahani yake, hapendi mahali ambapo mtu au mbwa anaweza kumbana kwenye kona, na hapendi kelele. Furu alikuwa anatumia beseni vizuri tu kwenye kile kikorido cha nyuma, ikaja mvua ya masika moja ile ya Mwanza yenye radi, pale juu bati limelegea linapiga kelele hatari, basi kuanzia siku hiyo anafika mlangoni mwa kikorido, anainua masikio, anageuka, anaenda kukojolea viatu. Mchanga msafi, mwili mzima. Nililisogeza beseni mpaka nyuma ya kabati chumbani, upande usio na bati bovu, akaenda siku hiyo hiyo. Kwa hiyo kabla hujasema paka ana kichwa kigumu, kaa hapo lilipo beseni lake dakika kumi usikilize.

Na kama ndio kwanza umemleta, usimpe nyumba nzima. Mfungie chumba kimoja kidogo, hata stoo, beseni kona hii, maji na chakula kona ile, boksi la kujificha, akae humo mpaka utakapoona anatumia mchanga kila siku bila kukosa na anakula mbele yako bila wasiwasi. Paka wa sokoni ameishi kwa kukimbia, ukimwachia vyumba vitatu na watoto wanaopiga kelele anachanganyikiwa anajisaidia popote alipojificha.

Usafi wa pale alipokojoa nao una sayansi yake. Wengi wanamwaga Jik. Acha. Mkojo una amonia, ikikutana na Jik inatoa hewa ya sumu inayochoma macho na mapafu, yako na ya paka. Mi nakausha kwanza kwa matambara, nabonyeza sio kusugua, halafu maji yenye siki kidogo, nakausha tena, kisha sabuni ya unga ile ya kufulia yenye enzaimu (imeandikwa kwenye pakiti) nailoweka pale nusu saa, nasuuza. Enzaimu ndizo zinazovunja kile kinachobaki, vinginevyo wewe utasikia ua waridi na paka atasikia choo. Kama hujui alipokojoa, azima kwa wakala wa pesa ile tochi ya zambarau ya kukagulia noti, zima taa usiku umulike, mkojo mkavu unang'aa. Nilimulika chumba kizima nikagundua kona ambayo wala sikuiwazia, nyuma ya spika.

Sasa kuna kesi nyingine ambayo watu wanaichanganya na hii. Kama paka anasimama, anageuzia ukuta makalio, mkia juu unatetemeka, halafu anarusha, huyo hana shida na beseni, huyo anaweka mipaka, na huko nje kuna shume mwingine anayepita dirishani. Dawa ni kumhasi. Madume karibu 9 kati ya 10 wanaacha au wanapunguza sana, na ukimfanyia mapema, kwenye miezi 5 au 6, mara nyingi hata haanzi. Mama mwenye nyumba wetu alipinga sana, "mwanangu, unamkata mnyama wa watu raha yake", nikamwambia shikamoo mama, wewe na mimi tunataka ukuta ule ule usinuke. Baada ya wiki kadhaa alikuja mwenyewe kuniomba namba ya daktari, ana shume wake anayelala kwenye magunia.

Kama nyumbani kuna mjamzito asiguse beseni kabisa, kuna kijidudu cha toksoplasma kinachotoka kwenye kinyesi cha baadhi ya paka na kinaweza kumdhuru mtoto tumboni. Mayai yake yanahitaji kati ya siku 1 na 5 nje ndipo yaweze kuambukiza, ndio sababu nyingine ya kutoa uchafu kila siku. Mwingine afanye, anawe mikono kwa sabuni, hakuna haja ya kumfukuza paka.

Na uchafu wenyewe usiutupe mtaroni. Huku mlimani mvua moja tu inaubeba wote mpaka ziwani, na maji hayo hayo kuna watu wanaoga na kufulia. Sisi tunafunga kwenye mfuko wa sembe uliokwisha, unakaa nje juu ya jiwe ambako kuku hawafiki, siku gari la taka likipita unaondoka nalo.